Walioomba viza ya mwenza ya Australia baada yetu wametutangulia. Faili letu lina nini?

#1 BintiPangani
Wadau, habari zenu. Naomba mawazo ya waliopita njia hii.

Mume wangu yuko Melbourne, ni mkazi wa kudumu, alikwenda kwa viza ya kazi (fundi wa magari makubwa). Ndoa tulifungia Pangani, na Septemba 2024 tukatuma ombi la 309/100 (viza ya mwenza kwa anayeomba akiwa nje ya Australia: 309 ni ya muda, 100 ni ya kudumu). Tulilipa dola 9,095 za Australia, mnajua wenyewe hiyo ni hela gani kwa mtu wa huku. Afya nimepima, alama za vidole nimetoa, hati ya polisi ipo. Tangu hapo kimya. Nikifungua akaunti nakuta ombi limepokelewa, basi.

Kinachoniuma ni jirani yetu hapa Tanga. Kaomba Februari 2025, mume wake yuko Melbourne hiyo hiyo, na ameshapata. Sisi tumeoana kabla yao na tumejuana miaka mingi kuliko wao. Sasa hii foleni inakwendaje? Kuna kitu kwenye makaratasi, au ni bahati tu?

#2 MlaPweza
Bahati. Uzi ufungwe.

#3 Fundi_Saa
MlaPweza acha masihara, watu wana machungu humu.

Dada, foleni ipo, lakini haiendi kama ya benki kwamba wa mbele ndiye anayehudumiwa kwanza. Afisa anachukua faili, akikuta limeiva anaamua. Akikuta pengo anakuandikia barua, anakupa siku 28 za kujibu, na faili linarudi rafuni. Likirudi rafuni, linachukuliwa tena lini? Hapo ndipo miezi inapotea. Jirani yako inawezekana alileta faili lililoiva.

Mambo wanayotazama ni manne: fedha zenu, maisha ya nyumbani, jamii inavyowatambua, na kujitoa kwenu kwa muda mrefu. Tuambie umeweka nini kwenye kila moja. Na Fomu 888, ile ya mashahidi wa uhusiano wenu, mmejaziwa na nani?

#4 BintiPangani
Asante Fundi_Saa. 888 tumejaziwa na rafiki zake wawili wa kazini, raia wa Australia. Picha za harusi ziko zaidi ya mia mbili. Fedha, mume ananitumia kila mwezi, ila anatuma kwa namba ya mama mkwe kwa sababu ndiye tunayeishi naye, halafu mama ananipa. Kabla ya ndoa nilifanya kazi Muscat kama miaka miwili.

#5 Nyota_ya_Ziwa
Umesema Muscat?? Hati ya polisi ya Oman unayo? Wanataka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, si ya nyumbani peke yake. Binamu yangu wa Kisumu alifanya kazi Doha na hapo ndipo alipokwama.

#6 BintiPangani
Ninayo Nyota, niliiweka tangu mwanzo. Iko kwa Kiarabu, tukamtafutia ustadhi wa madrasa hapa mjini akaitafsiri kwa Kiingereza.

#7 Fundi_Saa
Huyo ustadhi aliandika jina lake kamili, anwani, simu na ujuzi wake kwenye lugha hiyo? Tafsiri iliyofanywa nje ya Australia si lazima iwe ya mtu wa NAATI (wale wanaoidhinisha watafsiri kule), lakini hayo mambo wanayataka. Ikiwa ni karatasi tupu yenye muhuri wa madrasa, mtafute aiongezee.

#8 MlaPweza
Muhuri wa madrasa 😂😂 Mbona nimeupenda.

#9 KijanaWaPerth
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni namba. Serikali ya huku inapanga kila mwaka idadi ya viza za kudumu. Mwaka wa fedha 2024–25 mpango mzima ulikuwa 185,000, na wenza walipangiwa 40,500. Zikikaribia kuisha kabla ya Juni, mnangoja mwaka mpya uanze Julai. Makaratasi yako yawe ya dhahabu, utangoja tu.

#10 Wakili_wa_Mtaa
KijanaWaPerth, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Uhamiaji ya 1958, kifungu cha 85 kinampa waziri uwezo wa kuweka kikomo kwa aina fulani za viza. Kifungu cha 87 kinawatoa humo wenza na watoto. Hiyo 40,500 ni makadirio ya mahitaji. Haikuwekwa kama kikomo.

#11 KijanaWaPerth
Mwaka 2022–23 walisema 40,500. 2023–24 wakasema 40,500. 2024–25 wakasema 40,500. Ni mahitaji gani hayo ya binadamu kupendana yasiyopanda wala kushuka? Wakili, kifungu kiko kwenye kitabu, mimi niko kwenye foleni.

#12 Wakili_wa_Mtaa
Hoja yako naielewa, sibishi kuhusu hali halisi. Nasema tu mtu asije kuandika barua ya malalamiko akidai "nafasi zimekwisha". Atajibiwa kwamba nafasi hazina mwisho, na atabaki palepale.

#13 MamaKarafuu
Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, mwanangu kaolewa na kijana wa Sydney. Nyote mmeruka jambo moja, nalo ni cheti cha ndoa. Ndoa zetu za Kiislamu zinahesabiwa ni za wake wengi hata mume akiwa na mke mmoja. Mzungu akisoma hapo kwenye aina ya ndoa, roho inamruka. Mwanangu aliulizwa maswali matatu juu ya hilo: mume ana mke mwengine? Aliwahi kuwa naye? Ana mpango wa kuongeza? Mpaka mume akala kiapo.

#14 MlaPweza
Hilo swali la tatu hata mke wangu ananiuliza kila mwisho wa mwezi.

#15 Wakili_wa_Mtaa
MamaKarafuu ana hoja, nyongeza kidogo kwa walio Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 10, inaichukulia ndoa ya Kiislamu au ya kimila kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zanzibar sheria hiyo haitumiki. Kwa upande wa Australia kinachovunja ndoa ni mmoja wenu kuwa tayari kwenye ndoa nyingine siku mnayooana. Kama hakuwa na mke mwingine, ndoa yenu inasimama, cheti kiseme kisemavyo.

Wanaotaka kulimaliza kabisa, kifungu cha 11 kinaruhusu wanandoa kwenda pamoja mbele ya hakimu na kuibadili iwe ya mke mmoja. Si sharti la viza hata kidogo. Lakini karatasi hiyo humwondolea afisa swali.

#16 MamaKarafuu
Na mume akikataa kwenda kwa hakimu ndio utajua ulikuwa unaolewa na nani.

#17 Fundi_Saa
🤣 Mama umemaliza.

BintiPangani, mimi narudi kwenye zile fedha. Afisa anasoma taarifa za M-Pesa, anaona mwanamume wa Melbourne anamtumia fedha kila mwezi mwanamke mwenye jina ambalo halimo kwenye ombi. Jina lako halionekani popote. Anajuaje kuwa huyo ni mama mkwe? Kwetu sisi mke kukaa kwa mama mkwe ni ushahidi mkubwa kuliko akaunti ya pamoja ya benki, ila kwake ni jina geni tu. Mama aandike maelezo yake, aape kwa wakili, aeleze wewe unaishi chumba gani, nani anapika, nani anagawa hizo fedha. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mume chenye jina la mama. Picha mia mbili za harusi zinaonyesha siku moja tu. Weka chache, nafasi iliyobaki weka maisha ya baada ya harusi: amekuja likizo mara ngapi, mlikwenda wapi, tiketi ziko wapi.

#18 Kaka_Wa_Wagga
Tena majina! Hapo kuna vilio. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaidi, pasipoti Mwanahidi, cheti cha kuzaliwa kina majina mawili badala ya matatu. Mke wangu jina la babu lilikuwa kwenye pasipoti lakini halipo kwenye cheti cha ndoa. Tukaenda kwa wakili, kiapo kimoja kikayataja majina yote aliyowahi kuandikwa. Na kwenye fomu kuna mahali pa kuandika majina mengine uliyowahi kutumia, usipaache wazi.

#19 Nyota_ya_Ziwa
Kuna jambo la afya pia. Wengi huharakisha kupima siku ile ile wanayolipa. Vipimo kwa kawaida hukaa miezi 12. Faili likikaa zaidi ya hapo unaitwa upime tena, na hapo ni wiki nyingine. Na kama kuna ujauzito, X-ray ya kifua huahirishwa mpaka mama ajifungue, isipokuwa aikubali mwenyewe kwa kinga. Huenda jirani alipima baadaye, vyote vikakutana mezani vikiwa bado hai.

#20 BintiPangani
Nyota, mimi nilipima Oktoba 2024. Mnanitisha sasa.

Fundi_Saa, la mama mkwe nimelielewa. Nimemsomea bandiko lako, amecheka, anasema ataandika na vyakula ninavyounguza.

#21 Tai_wa_Usambara
Aandike hivyo hivyo. Siyo utani. Maelezo ya mke wangu yalikuwa na kisa cha mimi kuanguka kwenye tope nilipokwenda kujitambulisha kwao Lushoto, mbele ya wajomba. Barua nyingi zinasema "ni wanandoa wenye upendo wa dhati", hazisemi kitu.

Halafu simu! Afisa anaweza kupiga bila taarifa. Namba ngeni ilimpigia mke wangu, akadhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akawatukana akakata. Ilipigwa mara ya pili ndipo akaelewa. Aliulizwa naishi na nani huku, nafanya kazi zamu gani, nani alikuwa mshenga. Shem wako alikuwa anajua hadi jina la bosi wangu.

#22 KijanaWaPerth
Matusi yaliingia kwenye faili kama ushahidi wa ndoa.

#23 Mtoto_wa_Uvira
Jambo bandugu. Mimi ni Mukongomani, niko Shepparton. Nasoma hapa kila mtu anasema 309 na dola elfu tisa. Sisi tuliokuja kwa njia ya ukimbizi, toka kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, tuko na njia ingine. Kama ulipewa viza ya ukimbizi na bibi, mke wako, alibaki kambini, unaweza kumupendekeza kwa Fomu 681, yeye anajaza 842. Hakuna kulipa. Lakini masharti yake ni mawili makali: uwe ulimutaja bibi kabla hawajakupa viza yako, na maombi yaingie ndani ya miaka mitano tangu ulipopewa.

Shida iko hapo kwa kutaja. Wanaume wengi kule kambini waliambiwa na watu "sema uko peke yako, dosie yako itatembea mbio". Wakasema. Leo wako huku, bibi na watoto wako Kigoma, na kwenye karatasi hawako.

#24 Wakili_wa_Mtaa
Asante sana Mtoto_wa_Uvira, hili linasahaulika. Aliyekosa njia hiyo bado anaweza kudhamini kwa 309 akiwa mkazi wa kudumu, ila kwa ada kamili, na itabidi aeleze kwa nini mwanzo aliandika hana mke. Asitunge. Kuna kigezo kinaitwa 4020: ukigundulika umeleta hati ya uongo au taarifa ya kupotosha, unaweza kufungiwa miaka mitatu, na ikiwa uongo unahusu utambulisho wako, miaka kumi.

#25 Mtoto_wa_Uvira
Ni kweli mukubwa. Na kama hujui Kiingereza usimupe mutoto wa shule akutafsirie mambo ya namna hii. Piga 131 450, ile huduma ya wakalimani ya serikali, sema "Swahili", wanakupa mutu.

#26 Chumvi_Nyingi
Naona mnateseka bure. Kuna jamaa namjua huko, unalipa kitu unafungishwa ndoa ya makaratasi na raia, miaka miwili unapata yako, mnaachana kwa amani. PM kwa maelezo.

#27 Wakili_wa_Mtaa
Chumvi_Nyingi, kupanga ndoa ili mtu apate ukazi ni kosa la jinai kule, adhabu inafika kifungo cha miaka 10. Aliyepanga anashtakiwa, mliooana mnashtakiwa. Sasa endelea kugawa PM.

#28 Msimamizi
Chumvi_Nyingi amepewa likizo. Tuendelee na mada. Na wanaosaka mawakala: anayetoa msaada wa uhamiaji ndani ya Australia, kama si mwanasheria, lazima awe amesajiliwa na ana namba ya usajili wa mawakala, MARN, yenye tarakimu saba. Orodha iko wazi mtandaoni, mtafute kabla ya kutuma fedha.

#29 Kaka_Wa_Wagga
Wakala mmoja alimchukulia mdogo wangu fedha, akamwambia namba yake ya usajili ni siri ya ofisi. Siri ya ofisi!

#30 Mzigo_Mzito
Kwa nini hamumwambii dada ukweli? Achukue viza ya matembezi, 600, aende kwa mumewe, akifika aombe 820, viza ya mwenza ya muda kwa aliye ndani. Anapewa viza ya kusubiri, anafanya kazi, anapata Medicare (huduma ya afya ya serikali). Mimi nilifanya hivyo na sijutii.

#31 Fundi_Saa
Hapana Mzigo_Mzito, hali yake si yako. Yeye ombi la 309 liko ndani tayari, amelipa. Akianza 820 analipa upya, na ada ilipanda kuwa dola 9,365 tangu 1 Julai 2025, kama milioni 15 na ushee za kwetu. Halafu viza ya matembezi inaweza kuja na sharti namba 8503, linalokuzuia kuomba viza nyingine nyingi ukiwa ndani. Wengi wetu tunaotoka Afrika tunagongewa hilo.

Kutembea tu ni jambo jingine. Anaweza kuomba 600 amtembelee mumewe huku 309 ikisubiri, ila aseme wazi kwamba 309 ipo. Akificha, tunarudi kwa 4020.

#32 Tai_wa_Usambara
Lakini akiwa kule 309 ikiiva, si lazima atoke nje ndipo apewe? Mke wangu tulimpeleka hadi Bali kwa sababu hiyo.

#33 Fundi_Saa
Ndivyo ilivyokuwa. Walilegeza wakati wa korona, na tangu Novemba 2023 mwombaji wa 309 anaweza kupewa akiwa ndani au nje. Wakati wa kuomba ndipo lazima awe nje.

#34 Tai_wa_Usambara
Basi Bali tulikula fungate. Sawa.

#35 KijanaWaPerth
Kwa wale wa 820: angalieni jimbo. Mimi na mpenzi wangu hatujaoana, tulitaka kuomba kama wenza wasio na ndoa. Hapo lazima uthibitishe miezi 12 ya uhusiano wa kinyumba, isipokuwa mmesajili uhusiano wenu kwenye jimbo lenye sheria hiyo. Rafiki yangu wa Victoria alisajili, wakapona. Western Australia hatuna usajili huo. Kwa hiyo nimekusanya bili za umeme kama mwanamume anayejiandaa kushtakiwa. Mkiwa na ndoa halali, hiyo miezi 12 haiwahusu.

#36 Nimechoka22
Samahani naingilia. Mimi niko Sydney, 820 ilishatoka, tunasubiri ya pili, 801, ile ya kudumu. Mume wangu tukigombana ananiambia "nitawaandikia barua kesho wakurudishe Dar". Ananyang'anya simu. Amenipiga. Naogopa kuondoka kwa sababu ya viza. Siwezi kuandika mengi.

#37 MamaKarafuu
Mwanangu. Pole mno. Nisikilize: mume hafuti viza, inafutwa na serikali.

#38 Wakili_wa_Mtaa
Nimechoka22, soma hili kisha ulifute kwenye simu ukiona haja. Sheria ya uhamiaji ya Australia ina vifungu vya ukatili wa kifamilia. Ndoa ikivunjika kwa sababu hiyo, ombi lako la ukazi wa kudumu linaweza kuendelea bila yeye. Unahitaji ushahidi: daktari, polisi, mahakama, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Hata mambo ya kukunyang'anya simu na kukutishia viza yanahesabika, si kipigo peke yake. Piga 1800 737 732, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, saa 24, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ukiwa hatarini sasa hivi ni 000. Kituo cha msaada wa sheria kilicho karibu nawe kitakuona bure. Usisaini chochote anacholeta yeye.

#39 Nyota_ya_Ziwa
Dada niko Blacktown, hapo hapo Sydney. Nimekutumia ujumbe pembeni.

#40 Nimechoka22
Nimeuona. Asanteni.

#41 Kaka_Wa_Wagga
Tumuombee. Na wanaume mnaosoma hapa mkijiona, badilikeni.

Nirudi kwa BintiPangani. Kuna swali halijaulizwa: mume wako aliwahi kudhamini mwanamke mwingine? Mdhamini anaruhusiwa wawili tu maishani, na kati ya ombi la kwanza na la pili iwe imepita miaka mitano. Hata aliyepelekwa yeye mwenyewe na mke wa kwanza kwa viza ya mwenza, anahesabiwa miaka mitano tangu ombi lake. Kuna msamaha kwa sababu nzito, lakini faili la namna hiyo linachimbwa.

#42 BintiPangani
Kaka, nilishasema alikwenda kwa kazi. Hajawahi kuoa kabla yangu. Anayejua lingine aseme 😅

Jirani nimekwenda kumuuliza leo. Kumbe wao wana mtoto wa miaka mitatu. Na mume wake ni raia, si mkazi kama wangu. Hajawahi kuishi nje ya Tanzania. Wakala hawakuweka.

#43 Fundi_Saa
Hapo sasa. Mtoto ni ushahidi usiohitaji kiapo. Waliokaa miaka mitatu, au miwili wakiwa na mtoto, wanaweza hata kupewa ya kudumu moja kwa moja bila kungoja hatua ya pili. Na mtoto wa raia anaweza kuchukuliwa uraia kwa nasaba, hakuhitaji hata kuwa kwenye ombi la mama. Faili lake ni jepesi: nchi moja, polisi mmoja, hakuna Kiarabu.

#44 Kaka_Wa_Wagga
Sikubali. Sisi tulikuwa na watoto wawili na tulingoja kuliko BintiPangani. Mmoja mke wangu alimzaa kabla hajanijua, ikatakiwa baba yake asaini ruhusa, Fomu 1229. Baba yuko Geita migodini, hapatikani, akipatikana anataka "asante". Mtoto anaongeza ushahidi na anaongeza makaratasi pia.

#45 KijanaWaPerth
Je, jirani alipata mwaka mpya wa fedha ulipoanza, mwezi wa saba kwenda mbele? Mimi nimesimama pale pale. 40,500.

#46 MlaPweza
Na mimi nimesimama pale pale. Bahati.

#47 Mzee_wa_Kivuko
Vijana, mimi nauliza la uraia. Huyu binti akifika huko akachukua uraia wao, wa Tanzania si anaupoteza? Wakenya wao katiba ya 2010 imewaruhusu kuwa na viwili.

#48 Wakili_wa_Mtaa
Mzee shikamoo. Ukazi wa kudumu haugusi uraia, anabaki Mtanzania na pasipoti yake. Akiomba uraia wa Australia kwa hiari yake, ndipo sheria yetu inamtoa. Anaweza kuishi na ukazi miaka yote. Ila ruhusa ya kutoka na kuingia huisha baada ya miaka mitano, anaomba viza ya kurejea.

#49 Mzee_wa_Kivuko
Marahaba. Basi abaki na ukazi, aje atuzike.

#50 BintiPangani
Mzee jamani 😂

Niwape taarifa. Ustadhi ameongeza jina, simu na ujuzi wake, amesaini. Mama mkwe ameandika kurasa nne kwa mkono, Kiswahili, tunampelekea mtafsiri. Mume ameanza kutuma kwenye namba yangu. Vyote tunavipandisha wiki hii. Afya hatujaitwa, nangoja waseme wenyewe.

#51 Nyota_ya_Ziwa
Vizuri. Usipime mpaka wakuombe. Na mume naye hati yake ya polisi iwe tayari, tangu 2016 wadhamini huombwa.

#52 Mgeni_Adelaide
Habari wakuu. Sijasoma uzi wote. Mchumba wangu yuko Adelaide, mimi niko Arusha, hatujaoana bado. Tuombe 300, ile ya wachumba, au tuoane tuombe 309?

#53 Kaka_Wa_Wagga
300 hudumu kati ya miezi 9 na 15, ndani ya muda huo unaingia, mnaoana, halafu unaomba 820 kwa ada ndogo juu ya ile ya kwanza. Kama ndoa mnaweza kufunga Arusha, 309 itawatoka kwa gharama nafuu. Mmeshaonana ana kwa ana lakini?

#54 Mgeni_Adelaide
Kwa video kila siku.

#55 Kaka_Wa_Wagga
Hiyo haihesabiki. 300 inataka muwe mmekutana uso kwa uso mkiwa wote mmeshatimiza miaka 18. Aje kwanza.

#56 Mgeni_Adelaide
Anasema nauli ni kubwa.

#57 MamaKarafuu
Kubwa kuliko dola 9,365?

#58 Mgeni_Adelaide
Nimemtumia screenshot ya swali lako mama. Amesema likizo yake ni Desemba.

#59 Fundi_Saa
Basi Desemba. Mtunze tiketi na vipande vya kupandia ndege, na mpige picha na wazazi, si nyinyi wawili peke yenu ufukweni.